Mizani Iliyo Mlangoni

Katika ukurasa huu wa mambo ya nyumbani tumezoea kuzungumza nanyi juu ya malezi, matumizi na ujirani mwema. Mwezi huu twapenda tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu hukipita kila siku pasi na kukitupia jicho. Aghlabu kimekaa kando ya mlango au pembeni mwa uwa, kimejaa vumbi, na watoto hukiruka wakicheza. Kitu hicho ni dira ya maji. Lililotusukuma kuandika ni khabari ya nyumba moja ya Ngamiani, mjini Tanga, ambayo ujirani wake ulikuwa karibu kuvunjika kwa sababu ya dira hiyo, na watu wake wakatuletea maswali mawili, moja baada ya jingine. La kwanza lilikuwa jepesi. La pili lilikuwa zito.

Pishi, kibaba na dira

Wazee wetu wa mwambao, kabla ya kuenea kilo na lita, walipima kwa pishi na kibaba. Vibaba vinne ni pishi moja, na kwa pishi hiyo walinunua mchele na mtama, na kwa hiyo hiyo wakatoa zaka ya Fitri. Muuzaji mwaminifu alikijaza kibaba hata kikafanya kilele. Asiyekuwa mwaminifu alitafuta kibaba kilichobonyea kitako. Jambo hili si dogo katika dini yetu. Sura ya 83 ya Qurani imepewa jina la wapunjao vipimo, na watu wa Madyan, kaumu ya Nabii Shuaibu, walionywa juu ya mizani yao kama walivyoonywa juu ya ibada yao. Ndiyo maana katika miji ya Kiislamu ya zamani aliwekwa muhtasibu, azunguke masoko na kukagua mawe ya mizani na vyombo vya kupimia.

Lakini tazameni tofauti iliyopo. Kibaba cha sokoni kilipima mbele ya macho mawili, la muuzaji na la mnunuzi. Dira ya maji hupima peke yake, usiku na mchana, watu wakiwa kazini au usingizini. Mwenye kuuza hayupo, na mwenye kununua hatazami. Basi kipimo cha namna hii chahitaji uaminifu zaidi kuliko kibaba, kwa sababu kosa lake huweza kukaa mwezi mzima lisionekane, na likionekana, kila mtu humtazama mwenziwe kwa jicho baya.

Tena, kinachopimwa si kitu cha bure. Maji ya mji wa Tanga hutoka katika mto Zigi, ambao chimbuko lake ni katika misitu ya Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Hukusanywa katika bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, husafishwa, kisha husukumwa hadi mjini. Huko juu wako wakulima wa Kihuhwi na Zigi walioungana katika umoja wao uitwao UWAMAKIZI, ili kingo za mito zisilimwe na maji yasije mjini yakiwa tope. Na mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma hiyo, na deni la namna hii hulipwa kwa fedha zitokanazo na uniti zisomwazo milangoni mwetu. Kwa hiyo uniti moja ya maji ina jasho la watu wengi ndani yake.

Swali la kwanza: nani ameyatumia maji?

Nyumba tuliyoitaja ina vyumba sita, ukumbi katikati, na uwa wenye bomba na choo. Wapangaji ni nyumba tano, na mwenye nyumba ni mzee akaaye chumba cha mbele. Dira ni moja. Kila mwezi ankara ikija, hugawanywa kwa hesabu ya vichwa, na desturi hiyo ilikwenda salama kwa miaka. Kwa kawaida walitumia uniti 9. Mwezi mmoja ankara ikaja na uniti 23.

Miongoni mwa wapangaji yumo mama mmoja mjane ambaye hufua nguo za watu kwa ujira. Mara moja macho yote yakamgeukia. Hapana aliyemwita mwizi kwa ulimi, lakini palisemwa maneno ya pembeni yasemwayo ili yasikiwe. Ikaamuliwa kwamba zile uniti 14 zilizozidi azilipe yeye. Mama yule alijitetea kuwa nguo alizofua mwezi ule hazikuzidi za miezi mingine, hakusikilizwa, akalipa. Tangu siku ile akawa akichota maji usiku, watu wakiwa wamelala, kwa kuona haya.

Hapo ndipo kijana mmoja wa nyumba ile, mwanafunzi wa sekondari, alipotuuliza kama iko njia ya kujua ukweli pasina kubahatisha. Tukamjibu kuwa iko, wala haihitaji fundi wala fedha, ila subira ya usiku mmoja na ndoo.

Jinsi dira ifanyavyo kazi

Kwanza yafaa tukijue chenyewe. Ndani ya dira nyingi za nyumbani mna kigurudumu chenye mapezi, kilichokaa katika njia ya maji. Maji yakipita hukizungusha, na mzunguko wake hupitishwa, aghlabu kwa sumaku, hadi kwenye tarakimu zilizo juu, chini ya kioo. Tarakimu nyeusi ni uniti kamili. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Tarakimu nyekundu, au mishale midogo myekundu, ni sehemu za uniti, na hizo ndizo zituonyeshazo lita. Zaidi ya hayo, dira nyingi zina kinyota au kipembetatu kidogo katikati ya uso wake. Hicho huzunguka kwa maji machache mno, na ndicho shahidi wetu wa kwanza.

Kijana akaambiwa afanye hivi. Saa 4 usiku awaombe watu wote wa nyumba wafunge koki, kila mtu akiwa amekwisha weka maji yake ya usiku katika ndoo. Asome dira, tarakimu nyeusi na nyekundu, aziandike. Saa 10 alfajiri, kabla mtu hajafungua koki kwa udhu, asome tena. Akafanya. Katika saa 6 hizo, nyumba nzima ikiwa imelala na koki zote zimefungwa, dira ilikuwa imesogea lita 117.

Pigeni hesabu pamoja nasi. Lita 117 kwa saa 6 ni lita 19 na nusu kwa saa moja, ni lita 468 kwa usiku na mchana, na kwa siku 30 ni lita 14,040. Hizo ndizo zile uniti 14. Mama mjane hakuzifua. Zilikuwa zikipita mahali, lita moja katika kila dakika 3, kimya kimya.

Zikipita wapi? Uwanjani hapakuwa na ubichi, na koki hazikudondoka. Tukamwambia achukue buluu ya kufulia nguo, aikoroge katika kopo, aimimine katika tangi la choo lililo juu ya bakuli, kisha asubiri robo saa mtu yeyote asivute. Akarudi akakuta bakuli limekuwa la buluu. Mpira wa chini ya tangi ulikuwa umechakaa, maji yakateremka mchana kutwa na usiku kucha, na boya likafungua maji mengine kuziba pengo. Mpira ule hauna bei ya kutisha. Wakaubadili, na mwezi uliofuata dira ikarudi kwenye uniti 9.

Twapasa kusema kuwa mzee mwenye nyumba alifanya lililompasa. Aliwaita wapangaji wote ukumbini, akamrudishia mama yule fedha zake mbele yao, akamtaka radhi kwa sauti ile ile ambayo wao walitumia kumsema. Wengi wetu husingizia hadharani na kutaka radhi chumbani. Hiyo nayo ni kupunja.

Ndoo dhidi ya dira

Katika nyumba ile dira ilikuwa kweli na watu ndio waliokosea. Lakini haiwi hivyo siku zote. Dira ni chombo, na chombo huchoka. Ikiwa mmekwisha hakikisha kuwa hapana mahali panapovuja, na bado ankara haiendani na matumizi yenu, basi ijaribuni dira yenyewe kwa ndoo.

Chukueni ndoo moja, muipime uwezo wake wa kweli, kwa kuwa ndoo iitwayo ya lita 20 huweza kuwa na zaidi ya hizo ikijazwa hadi ukingoni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi ipelekeni ndoo kwenye mizani ya duka, mpime ikiwa tupu, kisha mtie maji hata uzito uongezeke kilo 20, na hapo mpige alama kwa rangi. Sasa someni dira, fungeni koki zote isipokuwa moja, jazeni ndoo hiyo mara 10 hadi kwenye alama, kisha someni tena. Maji hayo msiyamwage, yahifadhini katika mapipa. Dira yapasa iwe imesogea lita 200. Kanuni za kimataifa huiruhusu dira mpya ya kawaida ya nyumbani kukosea asilimia 2 juu au chini katika mtiririko wa kawaida, na asilimia 5 katika mtiririko mdogo. Kwa hiyo ikionyesha 196 au 204, haina lawama. Ikionyesha 225, au 150, hapo mna hoja.

Fanyeni jaribio hilo mara mbili, koki ikiwa wazi kabisa, na koki ikiwa imefunguliwa kidogo tu. Dira iliyochakaa huweza kupima vizuri maji yaendayo kwa nguvu, na ikasinzia yaendapo taratibu.

Liko jambo jingine lijulikanalo kwa wakaao mahali penye mgawo wa maji. Maji yakatikapo, hewa huingia katika mabomba. Yarudipo, huisukuma hewa ile mbele yake, na hewa nayo huweza kukizungusha kigurudumu cha dira kama maji. Basi msiache koki wazi wakati maji hayapo. Kufanya hivyo ni kujihesabia upepo, na tena ni hatari ya nyumba kufurika mkiwa msikitini au sokoni.

Mkishathibitisha kosa, msiifungue dira wala msiiguse lakiri yake. Andikeni tarehe, masomo ya dira na hesabu ya ndoo, mpeleke kwa maandishi katika ofisi ya maji, mkiomba dira ipimwe. Mtu aendaye na daftari husikilizwa kuliko aendaye na hasira. Asiporidhika na jibu, juu ya hapo iko EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambayo hupokea malalamiko ya wateja.

Dira iliyo ndani ya nyumba

Wako pia wasomaji wetu, hasa wakaao karibu na pwani, ambao hutumia maji ya kisima. Ardhi ya mwambao wetu kwa sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe na chokaa, na maji yakaayo ndani yake huwa magumu. Sabuni haitoi povu, na birika la chai hufanya utando mweupe. Baadhi ya wenye nafasi wamenunua mtambo wa kulainisha maji, na mtambo huo nao una dira yake ndogo, ambayo ikiharibika huwashangaza wenyewe. Haya tuliyoyasema juu ya dira ya mlangoni yatufaa hapa pia.

Ndani ya mtambo mna punje za resini zinazoikamata chokaa ya maji. Punje hizo zikijaa huchoka, na sharti zioshwe kwa maji ya chumvi kutoka tangi lililo kando. Mtambo hujuaje kuwa zimechoka? Kwa kuhesabu lita. Katika mdomo wake mna kigurudumu chenye sumaku, na pembeni mwake kihisio kilichofungwa kwa waya, kihesabucho kila mzunguko. Kigurudumu kikikwama kwa mchanga au kutu, au waya ukichomoka, mtambo hudhani kuwa hapana maji yaliyotumika. Ukiwa ni wa kutegemea hesabu ya lita peke yake, hautaosha punje zake kamwe. Maji hupita na chokaa yake, na mwenye nyumba hudhani amehudumiwa.

Alama zake ni tatu: chumvi katika tangi haipungui kwa majuma mengi, sabuni inakataa povu, na birika linarudia utando. Mkiziona, tazameni kwanza kama valvu ya kupitisha maji pembeni haikuachwa wazi, maana hapo maji huukwepa mtambo wote. Kisha fungueni koki ya nyumba na mtazame uso wa mtambo, pale panapoonyesha mtiririko. Ikiwa maji yanakwenda na tarakimu imebaki sifuri, kipimo kimelala. Uchomoeni umeme, mkaze waya wa kihisio mahali pake, mrudishe umeme na kujaribu tena. Isipofaa, uchomoeni umeme tena, fungeni maji, mfungue koki moja ili nguvu ya maji itoke, kisha mkitoe kigurudumu kwa kufuata kitabu cha mtambo. Kiloweshwe katika siki, kisafishwe kwa mswaki laini, wala kisikwaruzwe kwa chuma. Kikiwa safi huzunguka kwa pumzi ya mdomo tu. Kikirudishwa na hesabu ikaanza, uamrisheni mtambo uoshe punje mara moja kwa mkono, kwani zimekwisha jaa. Kisipohesabu, basi kihisio ndicho kilichokufa, na hicho hubadilishwa. Wako waliotupa mtambo mzima kwa sababu ya punje moja ya mchanga.

Maji yaendayo kwa udhu

Hatuwezi kuacha dira bila ya kusema neno juu ya matumizi yetu wenyewe, kwa kuwa si kila uniti iliyozidi hutokana na kuvuja. Imepokewa katika Hadithi sahihi kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akikoga kwa pishi moja, yaani mudi nne, hadi kufikia mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kiasi vilivyokutanishwa, nayo haifikii lita moja.

Sisi tulijaribu kwa koki yetu, tukaona hutoa lita 6 kwa dakika. Mtu atawadhaye koki ikiwa wazi kwa dakika 2 hutumia lita 12. Kwa sala tano ni lita 60. Nyumba ya watu 7 ni lita 420 kwa siku, na kwa siku 30 ni lita 12,600. Watu hao hao wakitumia kopo la lita moja, ambalo bado lazidi mudi, hutumia lita 35 kwa siku, yaani uniti moja na kidogo kwa mwezi. Tofauti ni zaidi ya uniti 11. Wanazuoni wametufundisha kuwa israfu katika udhu ni karaha hata kwa mtu aliye ukingoni mwa mto, sembuse sisi ambao mto wetu huja kwa bomba. Haba na haba hujaza kibaba, na vivyo hivyo humwaga pishi.

Swali la pili: dira iliyolala

Turudi sasa Ngamiani. Miezi michache baada ya yale tuliyoyasimulia, bomba moja katika mtaa lilipasuka, likatengenezwa, na maji yaliporudi yakaja na mchanga. Baada ya hapo dira ya nyumba ile ikasimama. Koki zilifunguliwa, ndoo zikajaa, nguo zikafuliwa, na kinyota hakikutikisika. Mwisho wa mwezi ikawa kana kwamba nyumba yenye watu ishirini na ushei haikunywa hata kikombe.

Nyumba ikafurahi. Mmoja akasema ni riziki. Mwengine akasema kosa si letu, hatukuigusa, wala hatukuifunga sumaku kama wafanyavyo wezi. Wa tatu akasema mamlaka wana fedha nyingi, na sisi ni maskini. Wa nne akasema wasoma dira wakija wataona wenyewe, sisi hatukuulizwa. Wasomaji wetu wataona kuwa kila neno katika maneno hayo lina sura ya haki, na ndiyo sababu swali hili ni zito kuliko la kwanza.

Yule mama mjane alikuwa amekaa pembeni na beseni lake. Akasema, "Mwezi ule dira ilipozidi, mlinitazama mimi. Mwezi huu imepungua. Tumtazame nani?"

Hapana aliyemjibu. Kijana wetu akatuandikia, akiuliza: je, yatupasa tuseme?

Jibu letu ni kuwa yawapasa. Dira ni mizani, na mizani ina pande mbili. Tunapozidishiwa twaja mbio na ndoo zetu na daftari zetu kudai haki, na twafanya vizuri. Basi mizani ile ile ikiegemea upande wetu, ulimi ule ule sharti ufunguke. Mwenye kupokea kibaba kwa ukamilifu na kutoa pungufu ndiye hasa aliyekemewa katika sura tuliyoitaja. Mtu hakuzaliwa muuzaji tu au mnunuzi tu, na sisi sote twapima na twapimiwa. Ama kusema kuwa hatukuigusa, hiyo yatuondolea hatia ya kuiharibu tu. Haitufanyii halali kunywa maji ambayo twajua hayakuhesabiwa. Na kusema kuwa mamlaka ni tajiri ni kusahau kwamba fedha zile ni za dawa ya kusafishia maji na umeme wa kuyasukuma, na kwamba upungufu wake haulipwi na tajiri. Hulipwa na nyumba ya jirani ambayo dira yake haijalala.

Ama kuilaza dira kwa makusudi, au kujiunganishia bomba la pembeni, hilo ni kosa kwa sheria ya nchi na ni wizi kwa sheria ya dini, na hatudhani kuwa lahitaji maelezo.

Tumefurahi kupata khabari kuwa mzee mwenye nyumba alikwenda mwenyewe ofisini, amefuatana na kijana na daftari lake. Dira ikabadilishwa, na mwezi uliopita bila kuhesabiwa wakakadiriwa kwa wastani wa miezi iliyotangulia, uniti 9, nao wakalipa kwa hesabu ya vichwa kama desturi yao. Ilikuwa rahisi kufanya makadirio hayo, maana kijana alikuwa na masomo ya kila mwezi kwa mkono wake. Mama mjane alilipa fungu lake kama wengine, wala hakuchota tena maji usiku.

Neno letu kwa vijana

Tunawaomba vijana wasomao ukurasa huu wajitwike kazi moja ndogo. Kila tarehe mosi ya mwezi, baada ya sala ya alfajiri, kisomeni kile kidude chenye vumbi, mwandike tarakimu zake katika daftari la nyumba. Mara moja katika kila miezi mitatu, fanyeni lile jaribio la usiku. Wazee wenu wengi hawazioni vizuri zile tarakimu ndogo, na wengine hawakufundishwa kuzisoma. Hiyo ni kheri mnayoweza kuwafanyia kwa dakika tano.

Hamtaokoa shilingi peke yake. Mtamwokoa mtu wa nyumba yenu asisingiziwe, na mtaziokoa ndimi zenu zisimseme asiyekosa. Na siku dira itakapolala, Mwenyezi Mungu awape nguvu ya kuiamsha.

Wabillahi tawfiki.